Sufuria ya Bi Sikudhani na Majumba Mawili ya Haki

Hapana, hapana, haikuibiwa. Nani kawaambieni iliibiwa? Ilichukuliwa na serikali, na serikali haiibi. Mwizi anakuja kwa kunyata, serikali inakuja na ving'ora. Mwizi hakuachii kitu, serikali inakuachia karatasi yenye muhuri, imeandikwa kwamba kitu chako kipo salama, mahali ambapo wewe mwenyewe huruhusiwi kufika. Sasa hapo wizi uko wapi? Haya, songeeni huku moshi usiwaumize macho, niwaeleze ilivyokwenda na ilivyorudi.

Sufuria ilikuwa ya Bi Sikudhani. Msifikirie hizi sufuria zenu za kuchemshia chai. Hii ilikuwa ya shughuli, ya harusi na matanga. Nyama ya mbuzi inaingia, mchele unaingia, na bado mpishi anapata nafasi ya kuzungusha mwiko bila kugonga ukuta. Marehemu mama yake ndiye aliyemwachia, na watu waliipa jina, wakaiita Bi Mkubwa. Kijana akitaka kuoa, kwanza anauliza, "Bi Mkubwa ana nafasi lini?" Halafu ndiyo anakwenda kumuuliza binti wa watu.

Bi Sikudhani alikuwa akiikodisha pale sokoni Kwa Mtaro. Na huo mtaro ndio ulikuwa mpaka. Upande mmoja Jamhuri Tukufu ya Mbwembwe, upande wa pili Ufalme Uliotukuka wa Maringo, katikati mtaro mkavu ambao hata mbuzi mvivu anauruka. Bi Sikudhani alikuwa mtu wa Mbwembwe, lakini kuku wake walikuwa wanatagia Maringo, na hakuna aliyewahi kuwaomba pasipoti.

Pale Kwa Mtaro watu walikuwa wakigombana, msinielewe vibaya. Soko lisilo na ugomvi hilo ni makaburi. Lakini walikuwa na mila yao. Wafanyabiashara wawili wakikosana, mmoja wa huku na mmoja wa kule, Bi Mkubwa anawekwa juu ya mtaro, maana mtaro wenyewe ndio jiko, moto unawashwa mle ndani. Mmoja analeta mchele, mwingine nyama. Sasa sikilizeni hapa: anayelaumiwa ndiye anayetia chumvi, na anayelalamika ndiye anayeonja. Wakati huo hakuna ruhusa kutaja ugomvi, unataja vitunguu tu. Yule mlalamikaji akionja akasema, "Imekolea," basi, yamekwisha, watu wote wanaketi wanakula. Na mtu hapakuliwi akiwa amesimama. Ukisimama maana yake bado una neno, na ukiwa na neno huna pilau.

Mimi sijui kama hiyo ni sheria. Najua tu kwamba ilikuwa inashibisha.

*

Sasa kule mjini, Mbwembwe ilikuwa na waziri anaitwa Mheshimiwa Mpanduji, Waziri wa Migogoro, Mapatano na Mambo Yanayofanana na Hayo. Mtu wa watu, viatu vyake vinang'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu. Na huyu bwana alikuwa na uchungu na nchi yake. Alikuwa akisimama jukwaani machozi yanamlengalenga:

"Ndugu wananchi! Migogoro yetu inatoroka! Matajiri wakikosana hapa, wanapanda ndege kwenda kugombana kwenye nchi za baridi! Wanalala hoteli za watu, wanakula mkate wa watu, wanatukanana mbele ya majaji wa watu! Kwani hapa hakuna pa kutukaniana?"

Watu wakapiga makofi. Ni kweli, iliuma.

Basi akajenga Jumba la Kimataifa la Usuluhishi. Vioo kutoka juu mpaka chini, vimeletwa kwa meli. Ngazi zake ndefu hivi kwamba ukifika juu umeshasahau ulikuwa unamshitaki nani. Ndani kuna jaji, anaitwa Jaji Nkwabi, kavaa nywele za bandia nyeupe kama mgongo wa kondoo, kakaa anangoja. Akangoja, akangoja. Hakuja mtu. Matajiri waliendelea kupanda ndege. Jaji wa watu akawa anafika asubuhi, anagonga nyundo yake kidogo isije ikashika kutu, halafu anarudi nyumbani.

Maringo nao waliposikia, wakajenga Kasri la Haki, limezidi lile la Mbwembwe kwa urefu wa bendera moja. Nalo likawa tupu. Msimamizi wake alikuwa Mtukufu Shebughe, Mshika Mizani wa Mfalme, bwana mwembamba anayeongea kwa pua. Yeye alisema Kasri halikuwa tupu, lilikuwa "tayari."

Ndipo Mheshimiwa Mpanduji akapata akili. Akatoa amri: mtu yeyote anayefanya biashara ya kuvuka mpaka, kabla hajavusha hata kijiko, lazima aandikishe ni wapi ugomvi wake utakwenda kuamuliwa. Maringo wakaiga amri ile ile, neno kwa neno, wakaongeza picha ya mfalme juu.

Siku hiyo Bi Sikudhani alikuwa anamkodisha Bi Mkubwa kwa Bwana Lugendo, mchinjaji wa upande wa Maringo, mtu mwenye tumbo la heshima, anayefanya jando la wajukuu. Akamkuta karani wa serikali kakaa mezani ukingoni mwa mtaro.

"Mahali pa kutatulia mgogoro?" karani akauliza.

"Mgogoro gani, mwanangu?"

"Wako na huyu bwana."

"Sina mgogoro na Lugendo. Nimemjua tangu ana meno yote."

"Mama, usinipotezee muda. Sijauliza kama mmegombana, nimeuliza mtagombania wapi. Andika Jumba la Kimataifa."

Bi Sikudhani akaangalia ile karatasi. Halafu akamwangalia karani. Akahisi kama mtu anayeulizwa, kabla hajaumwa, angependa kuzikwa makaburi yapi.

"Huko kwenye jumba lenu kuna jiko?"

"Hakuna."

"Basi siendi. Andika: penye sufuria."

"Penye sufuria ndiyo wapi?"

"Pale sufuria itakapokuwa, hapo hapo. Sisi ndivyo tunavyofanya tangu mtaro huu una maji."

Karani akataka kubisha, lakini foleni ilikuwa ndefu na jua kali, akaandika. Lugendo naye, kwenye meza ya upande wa pili, bila hata kuulizana, akajibu vile vile. Karatasi zikapigwa muhuri, huu wa Mbwembwe na ule wa Maringo. Kwa hiyo ikawa sheria ya nchi mbili.

*

Jando likapita salama. Lugendo akarudisha sufuria. Bi Sikudhani akaizunguka kama anavyofanya siku zote, anaipapasa, na mkono wake ukafika kwenye sikio la kushoto, lile la kushikia. Likacheza.

"Lugendo! Sikio la sufuria yangu limefanywaje?"

"Si hilo hapo, dada."

"Linaning'inia!"

"Lilikuwa linaning'inia toka uliponipa. Mimi nikadhani ni urembo."

"Urembo! Urembo utakuwa hilo tumbo lako! Umeiburuza sufuria ya mama yangu kama gogo la kuni!"

"Nimeburuza mimi? Kwa mgongo huu? Dada, mimi hata kitanda changu wananisaidia kukisogeza!"

"Nitakushitaki, Lugendo!"

"Nishitaki! Nishitaki hata kwa mfalme, atacheka!"

Watu wa soko wakaendelea kupanga nyanya zao. Walijua jioni mchele utachambuliwa, kesho watu watakula. Kwa kweli Bi Sikudhani mwenyewe alikuwa ameshaanza kuwaza mdalasini uko wapi. Lakini pale pale alikuwepo bwana mmoja wa serikali anayejifanya ananunua dagaa. Lile neno "nitakushitaki" lilipomfikia, akaacha dagaa, akaacha na chenji, akakimbia kupiga simu.

Kabla ya adhuhuri bendi ya polisi ikafika. Matarumbeta, ngoma, kila kitu. Wamekuja kuupokea mgogoro. Mheshimiwa Mpanduji kashuka kwenye gari, kamvisha Bi Sikudhani shada la maua shingoni.

"Mlalamikaji wa Kwanza wa Taifa!" akapaza sauti. "Mama huyu angeweza kugombana na jirani yake wa hapa hapa. Lakini hapana! Akaona mbali! Akagombana na mtu wa nchi ya nje!"

Upande wa pili wa mtaro, Mtukufu Shebughe naye keshafika, anamvika Lugendo utepe mwekundu ulioandikwa "Mshitakiwa wa Mfalme." Lugendo, msimcheke, kwa dakika kidogo alijisikia vizuri. Utepe ulikuwa wa hariri.

Wanasheria wakasoma zile karatasi. Wakazisoma tena. Halafu wakainua vichwa wote kwa pamoja, huku na kule, wakaitazama sufuria. Maana kama kesi ni penye sufuria, basi mwenye sufuria ndiye mwenye kesi.

Ving'ora vikalia. Bi Sikudhani aligeuka kutafuta pa kuweka lile shada, alipogeuka tena Bi Mkubwa yuko juu ya gari la polisi anakwenda mjini, na yeye mkononi ameachiwa karatasi.

*

Ikawa vita ya heshima. Sufuria ikafungiwa kwenye uwanja wa polisi wa Mbwembwe. Lakini Maringo wanaijua mila. Wakatuma maofisa wao wamevaa kanzu na vilemba, na matarumbeta, mmoja kajitanda kanga usoni anajifanya bibi harusi, wanakuja na vigelegele: "Tunaomba Bi Mkubwa, tuna harusi!" Askari wa zamu alikuwa mtoto aliyelelewa vizuri. Nani anakatalia harusi sufuria? Akafungua geti. Akasaidia na kupakia.

Mbwembwe wakalia kwa aibu, halafu wakalia kwa mpango. Wakaenda Maringo wamebeba jeneza, wamejifunika, maofisa wa wizara wanagaagaa chini: "Tumefiwa! Tunaomba sufuria ya matanga!" Nani anakatalia msiba? Wakarudi nayo mjini, wanajifuta machozi, jeneza tupu wakaliuza njiani.

Bi Sikudhani alipopata habari hizo, alikuwa amekaa kibarazani kwake anachambua mchele ambao hana pa kuupikia. Lugendo alikuwa amevuka mtaro, kakaa naye, utepe ameshautundika kwenye bucha anafukuzia nzi.

"Wamelia matanga ya mtu ambaye hakufa," akasema Bi Sikudhani. Sauti ilikuwa ndogo. "Kwa sufuria ya mama yangu. Ile niliyompikia matanga yeye mwenyewe."

Lugendo akakohoa. "Dada, nikwambie kweli. Tuliiburuza. Kidogo. Toka kwenye mkokoteni mpaka mlangoni."

"Najua. Na ile ribiti inayoshika sikio ilikuwa imelegea tangu harusi ya kina Mwajuma. Mimi nilitaka tu nikupigie kelele."

"Ulipiga vizuri."

"Asante."

Halafu Lugendo akatoa lililomleta. Binti yake Tausi anaolewa Ijumaa na kijana wa upande wa Mbwembwe. Na harusi ya Kwa Mtaro inaliwa kwenye sufuria moja, watu wa huku na wa kule, ndiyo ndoa yenyewe hiyo. Ukipika kwenye visufuria vingi vingi, huo ni mkusanyiko wa majirani, harusi sio. Shughuli ilikuwa imeshaahirishwa mara kadhaa kwa sababu Bi Mkubwa yuko kizuizini, na sasa wazee wa bwana harusi wametuma mtu: Ijumaa hii, la sivyo watapeleka posa kwingine. Tausi hali, hanywi, kafungasha sanduku, kafungua, kafungasha.

Bi Sikudhani akasimama, akajifunga kanga ya pili kiunoni. Mwanamke akijifunga kanga ya pili, mkae mbali.

"Twende kwa Waziri."

*

Mheshimiwa Mpanduji aliwapokea vizuri sana. Akawaagizia soda.

"Mheshimiwa," akasema Bi Sikudhani, "sisi tumeshapatana. Tunaomba sufuria."

Waziri akatabasamu. Tabasamu likakaa pale, kisha likaondoka.

"Mmepatana?"

"Ndiyo, baba."

"Mmepatana kwa ruhusa ya nani?"

Lugendo akaweka soda chini.

"Mama, unajua mgogoro huu tumeuhudumia namna gani? Umezinduliwa! Umo kwenye mpango wa maendeleo! Kuna makoti ya sherehe yameshonwa, kuna wageni kutoka nchi za baridi wanakuja kuona na sisi tunavyogombana kisasa. Alhamisi kesi inaanza. Halafu wewe unakuja hapa kuniambia mmepatana, kama watu wasiokwenda shule!"

"Hatukwenda, baba. Lakini mgogoro hatuna tena."

"Ninyi hamna. Taifa linao."

"Mheshimiwa," akasema Lugendo, "binti yangu anaolewa Ijumaa."

"Aolewe! Nani kamkataza? Tumechukua sufuria, hatukuchukua bwana harusi." Waziri akainuka, akarekebisha tai. "Na niwatahadharishe. Kuna sheria mpya, kuhujumu mgogoro wa kimataifa. Adhabu yake sijaiandika bado, lakini itakuwa nzito."

Bi Sikudhani akamtazama kuanzia viatu mpaka kichwa, taratibu, kama anavyowatazama wanaorudisha sufuria haijaoshwa.

"Mimi nimewapikia watu wakubwa kuliko wewe," akasema, "wengine wakiwa hai na wengine wakiwa wamelala sebuleni wamefunikwa shuka. Wote waliningoja mimi. Ijumaa Bi Mkubwa atakuwa jikoni. Hiyo adhabu iandike vizuri, isije ikakosa jina langu."

Akatoka. Soda hakuigusa.

*

Alhamisi ikafika. Jumba la Kimataifa limepambwa bendera, wageni wa nchi za baridi wamekaa mbele wanajipepea. Kina mama wa Kwa Mtaro nao wamekuja na lori, wamejaa kwenye ngazi. Jaji Nkwabi kakaa kitini anatetemeka kwa furaha, kesi yake ya kwanza. Nyundo kaishika kwa mikono miwili.

"Ileteni sufuria!"

Polisi wakaibeba. Wakafika mlangoni. Sufuria haikupita.

Wakaigeuza. Haikupita. Wakaiinamisha, wakaijaribu kwa ubavu, wakaijaribu kwa matusi. Mlango ulikuwa umechorwa na wataalamu kwa ajili ya watu waliovaa suti, na Bi Mkubwa hakuvaa suti.

Mtukufu Shebughe wa Maringo akasimama na mawakili wake, pua juu. "Mtukufu Jaji, maandiko yanasema penye sufuria. Sufuria iko nje. Mahakama iko ndani. Kwa hiyo kisheria, hii siyo mahakama. Hiki ni chumba chenye baridi."

Ikawa zogo. Mmoja akasema ukuta uvunjwe. Waziri akapiga yowe, vioo vile! Mwingine akasema kesi ifanyike nje, Jaji akashika nywele zake za bandia akauliza kama wamepima joto la leo. Waziri akamwinamia Shebughe, wakanong'ona, halafu kwa mara ya kwanza katika historia Mbwembwe na Maringo wakakubaliana jambo.

"Ikatwe," akasema Waziri. "Nusu itaingia humu, nusu itakwenda Kasri la Haki. Kila nchi itasikiliza nusu yake ya kesi."

Akaitwa fundi na mashine ya kukatia vyuma, ile inayotoa cheche.

Bi Sikudhani alikuwa amesimama pale kwenye ngazi. Alikuwa anaangalia masikio ya sufuria, kwa sababu hayakuwepo. Lile moja lililolegea na lile lililokuwa zima, yote walikuwa wameshayang'oa, yakafungwa kwenye mifuko ya nailoni: Kielelezo cha Kwanza, Kielelezo cha Pili. Sufuria iliyofunguliwa kesi kwa sikio moja, imebaki haina hata moja.

Akavua kandambili, akazipanga vizuri, akakusanya kanga zake, akapanda ukingo na kuingia ndani ya Bi Mkubwa. Akakaa. Kilichoonekana nje ni kichwa na kilemba.

"Haya, fundi," akasema kutokea ndani, sauti inavuma kama ya kisimani. "Kata. Lakini pima vizuri. Nusu yangu ya juu isipelekwe Maringo, kule sina mtu."

Fundi akazima mashine.

"Mtoeni!" akafoka Waziri.

Polisi wakaizunguka sufuria. Wakatafuta pa kushika. Hapakuwa na pa kushika. Masikio yalikuwa kwenye mifuko, mifuko iko mezani kwa karani, imepigwa lakiri. Wakajaribu kumbembeleza, akawauliza mama zao hawajambo. Wakainamisha sufuria kidogo, akawaambia, "Mkiniangusha, nitakuwa Kielelezo cha Tatu, mtanifunga mfuko gani?" Wale wageni wa nchi za baridi wakaanza kupiga picha.

Jua likapanda. Jaji Nkwabi akatoka nje mwenyewe, jasho linamtiririka chini ya zile nywele.

"Mama," akasema kwa upole, "unataka nini?"

"Nataka karatasi yenu isomwe."

Ikasomwa. Penye sufuria.

"Umesikia, mwanangu? Sijasema penye jumba. Sasa mimi na sufuria tunakwenda nyumbani. Mwenye kesi na atufuate."

Jaji akafikiri. Ndani ya moyo wake aliona kwamba hajapata kesi maisha yake yote, na hii moja aliyopata imekaa ndani ya sufuria na inaondoka. Akagonga nyundo kwenye ubavu wa Bi Mkubwa, ngaa!

"Mahakama inafuata sufuria!"

Shebughe akakubali haraka, maana mtaroni ni jirani na kwao, atapata kuivutia upande wake. Mpanduji naye akakubali haraka, kwa hila ile ile. Polisi walioshindwa wakasogezwa pembeni, kina mama wakapitisha kanga chini ya sufuria, wakaisuka kama machela, wakaimba, ikanyanyuka na mwenyewe ndani yake. Akapakiwa kwenye lori hivyo hivyo. Magari ya serikali mbili yakafuata nyuma, ving'ora vinalia, mbele kabisa kichwa cha Bi Sikudhani kinaonekana kimetulia, kama mtu anayetoka zake hospitali.

*

Ijumaa asubuhi Bi Mkubwa alikuwa juu ya mtaro. Mafiga mawili upande wa Mbwembwe, moja upande wa Maringo.

"Napinga!" akasema Shebughe. "Kwa nini sisi figa moja?"

Wakaongezewa moja. Sasa Mpanduji naye akapinga, kwamba kuongezea nchi jirani jiwe bila Bunge ni kuuza nchi. Wanasheria wakafungua mabegi yao. Wakajadili mawe. Wakajadili kama jivu likidondokea katikati ni la nani. Na wakati wanajadili, kina mama wakatia kuni. Moto ukawaka. Mafuta yakaingia, vitunguu vikaingia, vikaanza kuimba.

Karani akamkimbilia Jaji. "Mheshimiwa, kielelezo kinachemka!"

"Naona."

"Tufanye nini?"

Jaji akavuta hewa kwa pua. Bizari, mdalasini, nyama ya Lugendo. "Mahakama haiwezi kugusa kielelezo cha moto," akasema. "Tungoje."

Mchele ukaingia. Lugendo akasogea, amevaa kanzu ya baba wa bibi harusi, mkono ndani ya kopo la chumvi. Soko lote likageuka kumtazama. Hata wanasheria wakafunga mabegi, wasijue kwa nini. Akachota, akapima kwa kiganja, akarudisha kidogo, akanyunyiza kwa kuzunguka. Kule nyuma Tausi alikuwa amechungulia mlangoni kwao, hina mikononi, anauma kanga yake.

Sufuria ikafunikwa, makaa yakawekwa juu ya kifuniko. Wakangoja. Ilipofunuliwa, Bi Sikudhani akachota kwa upawa, akapuliza, akatia mdomoni. Akafumba macho. Mheshimiwa Mpanduji alikuwa ameshatoa hotuba yake mfukoni, kurasa kwa kurasa, na hata yeye akasita.

"Imekolea," akasema Bi Sikudhani.

Vigelegele! Upande huu na ule wa mtaro! Tausi akaruka mlangoni mpaka shangazi zake wakamvuta ndani. Lugendo kakaa chini hapo hapo, analia kama mtoto, kautoa mfukoni utepe wa hariri anafutia kamasi.

"Nini kimekolea?" Waziri akapiga kelele. "Hukumu iko wapi? Nani kashinda?"

"Ndiyo hukumu hiyo, baba," akasema Bi Sikudhani. "Mwenye rufaa aketi apakuliwe."

Mikeka ikatandikwa. Masinia yakaanza kupita. Na mnajua mila: anayesimama bado ana neno.

Wa kwanza kuketi walikuwa polisi. Walikuwa wamebeba sufuria wiki nzima hawajui ndani yake mnatoka nini. Wakafuata makarani. Wageni wa nchi za baridi wakaangalia walivyoketi wenzao, wakakunja miguu vibaya vibaya, wakaketi. Jaji Nkwabi akavua nywele zake za bandia, akaziweka pembeni kwenye nyasi, akaketi. Na kuku mmoja wa Bi Sikudhani akazikagua zile nywele, akaingia, akatulia kutaga. Mtukufu Shebughe akaketi kwa masharti, akamtaka karani aandike kwamba Maringo imeketi kabla ya Mbwembwe, lakini karani alikuwa na mafuta mikononi.

Akabaki Mheshimiwa Mpanduji peke yake. Kasimama ukingoni mwa mtaro na viatu vyake vinavyong'aa, anasoma.

"Ndugu wananchi! Leo tumeshuhudia Jumba letu la Kimataifa... likitatua... kwa ustadi..."

Hakuna aliyeinua kichwa. Ulikuwa unasikia watu wanatafuna na watoto wanagombania minofu. Akageuza ukurasa. Harufu ikampanda na upepo. Akasoma mstari mmoja tena, akasoma nusu ya mstari. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Halafu akakunja karatasi zake, akakunja na suruali yake magotini, na akaketi mkekani, katikati ya Lugendo na yule fundi wa kukata vyuma.

Bi Sikudhani akaja na sinia, akaliweka mbele yao. Waziri akanyoosha mkono.

Bi Sikudhani akaushika ule mkono, akaurudisha, akamsogezea birika na bakuli.

"Nawa kwanza, baba."

Akanawa.